Shati la Waisake

Cherehani kililia mara tatu, ti ti ti, kikagoma. Taraivini akaondoa goti kwenye pedali, akalirudisha. Ti ti ti. Kwenye kidirisha kidogo kinachoonyesha aina ya mshono palitokea herufi E na namba sita, basi. Hakuna maelezo, hakuna samahani.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na Jumamosi ndiyo siku ya mia tangu mama yake azikwe. Siku hiyo wanaanua matanga. Nguo nyeusi zinavuliwa, ukoo unavaa sare ya kitambaa kimoja na kuketi mbele ya kijiji kizima cha Navunidilo, na kila mwenye macho anahesabu nani kavaa na nani hakuvaa. Kitambaa alikichagua Taraivini na mshonaji ni yeye. Nguo ishirini na tano zilikuwa tayari, kila mtu ameshachukua yake. Ilibaki moja tu, shati la kaka yake Waisake, mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye atakaa mbele ya wote. Lilikuwa na mgongo, kifua na matundu ya vifungo. Mikono lilikuwa halina.

Taraivini si mtu wa kubabaika. Amejifunza kushona kwa cherehani cha kuzungusha kwa mkono cha mama yake, ambacho maisha yake yote hakikuwahi kumtupia namba. Hiki kipya alitumiwa na binti yake Vilisi, anayetunza wazee huko Australia, na kilikuja na vitufe ishirini na tatu na majivuno tele. Wengine cherehani cha namna hii wanakiweka mezani. Yeye alikipandisha juu ya kasha la sabuni, akakaa chini mkekani kama alivyozoea, pedali akawa anaibonyeza kwa goti. Kwa miezi minane walikuwa wamepatana vizuri.

Akakizima, akakiwasha. Ti ti ti. Akatunga uzi upya. Akatoa bobini ya uzi wa chini, akaipuliza, akairudisha. Akakiombea sala fupi. Akakipiga kofi dogo, la mzazi, lisiloumiza. E sita.

"Baba Vilisi," akaita. "Kile kitabu cha mashine kiko wapi?"

Mumewe Isimeli alikuwa amejilaza barazani. "Kitabu gani?"

"Kilichokuja ndani ya boksi."

Isimeli akinyamaza ujue kuna jambo, na Taraivini akajua.

"Kipo," Isimeli akasema hatimaye. "Sehemu yake."

Hiyo sehemu yake ilikuwa nyuma ya redio, nyembamba kama daftari la mtoto aliyeacha shule. Isimeli alikuwa anasokotea tumbaku kwa kurasa zake tangu mwezi wa tatu. Karatasi ilikuwa laini, alieleza, haikwaruzi koo. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa utaratibu, alianzia ukurasa wa kwanza, akavuta Kiingereza chote mpaka kikaisha. Zilizobaki zilikuwa lugha mbili ambazo Navunidilo nzima hakuna anayezijua, moja ina vinukta juu ya herufi, nyingine herufi zake zinafanana na vibanda vya kuku.

"Umevuta mashine yangu," Taraivini akasema.

"Nimevuta maneno tu. Mashine hiyo hapo."

"Na ukurasa wa E sita?"

Isimeli akafikiri. "Huo nadhani ni ile siku ya mvua kubwa," akasema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Sasa hapa hakuna ujanja, ni shemeji tu. Nikamwite."

Hapo Taraivini akashika tama.

Waisake alikuwa fundi wa vyerehani katika kiwanda cha nguo mjini Lautoka kwa miaka kumi na tisa, na nyumba yake ni ya nne kutoka hapo. Mgeni angeuliza, si umwite tu? Lakini Waisake ni kaka yake, na kwao kaka na dada hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima nzito kama gunia la mihogo mibichi. Tangu siku Waisake alipotahiriwa, yeye na miaka kumi na miwili na Taraivini na kumi, hawajaambiana neno, hata "njoo ule." Miaka arobaini na moja sasa. Wakikutana njiani mmoja anakohoa, mwingine anapisha. Wakiwa na la kuambiana, linapitia kwa Isimeli, mume wa huyu na shemeji wa yule. Na mashemeji kwao kazi yao ni utani, kuanzia siku ya posa mpaka siku ya kaburi.

Isimeli anatia chumvi. Angeishia kwenye chumvi mtu angemvumilia, lakini yeye anatia na pilipili na ndimu. Ukimtuma amwambie Waisake chakula kiko tayari, atafikisha kwamba chakula kiko tayari ila sahani yake kapewa mbwa. Ungependa kumtuma mtu mwingine, lakini kazi hiyo ya ujumbe Isimeli ameishika kama cheo, na ukimruka ananuna wiki nzima na kuni hachanji.

Ndiyo maana Taraivini mpaka leo alikuwa hajui kama kaka yake atalivaa hilo shati. Wiki tatu nyuma, kitambaa kilipofika, manjano ya kuwaka yenye maua mekundu makubwa kama visahani, alimtuma Isimeli akamwonyeshe kipande. Isimeli akarudi na jibu: "Shemeji anasema atakivaa siku fahali wake atakapovaa suruali." Taraivini akacheka mbele ya mumewe. Alipobaki peke yake hakucheka. Zile zilikuwa chumvi za Isimeli au maneno ya Waisake? Amuulize nani? Mke wa Waisake yuko mjini Suva analea mjukuu, na kumtuma jirani ni sawa na kupiga ngoma kijijini kwamba watoto wa marehemu wamegombania kitambaa kabla ya siku ya mia.

Vipimo navyo vilikuwa mkasa. Isimeli alitumwa na futi kamba, akarudi na kifua cha inchi tisini. Ikabidi Taraivini apime kwa macho kanisani, Jumapili tatu mfululizo, amekaa mabenchi manne nyuma ya kaka yake anakadiria mabega wakati mchungaji anahubiri juu ya toba. Shati lenyewe akalisogeza mwisho, akingoja labda neno litakuja. Halikuja. Usiku na mchana alikuwa anaiona Jumamosi: watu ishirini na watano wa manjano, na mbele yao mtu mmoja mweusi tii. Kijiji kizima kitasema Waisake kamkataa dada yake mbele ya kaburi la mama yao. Wazo hilo lilikuwa linamchoma.

"Nenda kamwite," akasema. "Na ujumbe ufike mzima."

"Lini ujumbe wangu haujafika mzima?"

"Unafika umenenepa."

Waisake akaja. Akakohoa barazani, na Taraivini akainuka, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye kibanda cha jikoni, mgongo kawapa. Waisake ni mtu mnene, mpole, anayetembea kama anaogopa kuikanyaga ardhi. Alikuwa na miwani kwenye paji la uso na kisanduku cha bisibisi mkononi. Akakunja miguu mbele ya cherehani. Isimeli akakaa katikati, amenawiri kama bwana harusi.

"Shemeji," Waisake akasema, "muulize, mashine ilikuwa inafanya nini kabla haijagoma?"

Nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Taraivini alisikia kila herufi. Lakini neno la kaka halijafika mpaka lifikishwe, kwa hiyo akangoja.

"Mama Vilisi," Isimeli akageuka, "shemeji anauliza umeilisha nini mashine ya watu."

"Mwambie nilikuwa nimemaliza matundu ya vifungo, nikarudi kwenye mshono wa kawaida."

"Shem, anasema tumbo lako limemaliza kitambaa mpaka mashine imeona haya."

"Sivyo alivyosema," Waisake akasema.

"Umejuaje? Wewe husikii mpaka niseme mimi."

Waisake akalitafakari hilo. Kwa kushika mila hakuna anayemzidi Navunidilo nzima, na ikambidi akubali kwamba kweli hakusikia. "Muulize tena," akasema.

Taraivini akarudia, polepole, kama anamsomesha mtoto. Safari hii Isimeli akafikisha kwamba mashine imetoboka. Mara ya tatu matundu yakawa ya panya. Waisake akainamisha kichwa, fundi mzima, jibu analo masikioni na ruhusa ya kuwa nalo hana. Akabaki kufungua visivyohitaji kufunguliwa. Akatoa kibamba cha chini, akafagia nyuzi kwa brashi, akakirudisha, akawasha. Ti ti ti.

"Nayo inakucheka," Isimeli akasema. Kisha akaliinua lile shati lisilo na mikono, akalitanua hewani. "Na hili hapa ndilo lako, shem. Jumamosi utafanana na papai lililoanguka mtini."

Mlangoni Taraivini akakishika kizingiti kwa mikono yote miwili. Akangoja. Kaka yake acheke, akatae, aseme chochote, mradi alisikie kwa mdomo wake mwenyewe. Waisake alilitazama shati kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nipe hiyo brashi," akamwambia Isimeli.

Basi. Taraivini akakiachia kizingiti. Mtu anayependa shati haombi brashi.

Mara sauti ya mpiga mbiu ikapita nje: wanaume wote wakachimbe shimo la kuokea chakula cha Jumamosi, na kuni zikapasuliwe, na asiyefika atatajwa kwa jina. Isimeli aliwahi kutajwa kwa jina mwaka jana na hakulipenda lile jambo. Akainuka kwa shingo upande, akawatazama mmoja mbele na mmoja nyuma.

"Msiseme neno mpaka nirudi," akawaambia, akatoka.

Kaka na dada hawakai peke yao ndani, kwa hiyo Waisake naye akainuka papo hapo. Alifika mlangoni. Pale akasimama kidogo, na Taraivini, aliyekuwa anaangalia kwa kona ya jicho, hakumwelewa. Waisake alikuwa anafikiri kwamba sasa mjumbe hayupo, na mjumbe akiwa hayupo hakuna wa kumkataza mtu kujua alichokisikia. Akarudi upesi, akapitisha mkono nyuma ya kichwa cha cherehani, kushoto, akasukuma kitu juu. Tak. Akawasha, na cherehani kikaanza kunguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Kikaenda, kikasimama, kikaenda tena, kikashona kwa muda ambao mtu hahitaji kwa kujaribu tu. Kisha Waisake akakata uzi, akatoka barazani, akakohoa.

Taraivini akasogea. Juu ya cherehani palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, na juu yake, kwa uzi wa manjano, herufi zimepangwa mstari mmoja: KIJITI CHA NYUMA KIKIWA CHINI INAGOMA.

Akajipiga paji la uso. Kijiti cha matundu ya vifungo. Ukimaliza matundu unakipandisha, na yeye akiwa amekaa chini mkekani hakioni, anakipapasa tu. Mashati yote mengine alikipandisha bila kufikiri. Hili la Waisake alikuwa anafikiri.

Halafu akakisoma kile kitambaa mara ya pili, na ya tatu. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya kaka yake kwake kwa miaka arobaini na moja, na yalihusu kijiti. Mila inakataza mdomo. Kuhusu uzi wazee hawakuacha agizo lolote, kwa sababu hawakuwahi kukutana na cherehani kinachojua kuandika.

Vilisi alikuwa amemfundisha herufi, zilikuwa upande wa pili wa vitufe. Akashona ASANTE, akakiacha kipande pale pale, akakohoa, akaenda jikoni.

Waisake akaingia. Cherehani kikanguruma. Waisake akatoka.

SINDANO BUTU BADILISHA.

Akabadilisha sindano. Huko barazani jirani yao Makelesi alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama.

"Waisake, mbona unaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Natengeneza mashine."

"Na dada yako je, naye anatengeneza nini? Namwona anapishana na wewe."

"Muulize shemeji," Waisake akasema, na Makelesi akaenda zake na habari nusu, jambo linalomtesa kuliko njaa.

Taraivini alikuwa ameshika kipande kipya. Angeweza kuishia hapo. Mashine inafanya kazi, mikono miwili ni kazi ya saa moja. Akimpa shati naye akalikataa, litakataliwa kimya kimya na wala hatakuwa ameuliza. Lakini alijijua, hatalala tena mpaka Jumamosi. Akapiga moyo konde, akatafuta kitufe cha alama ya kuuliza, akashona neno moja: UTALIVAA?

Akakohoa kwa nguvu mno, akakimbilia jikoni, akaanza kumenya muhogo ambao hakuna aliyeuomba.

Waisake akaingia. Taraivini akamenya muhogo mpaka ukabaki wa kidole. Kisha cherehani kikaanza. Kilikwenda, kikasimama, kikaenda. Bobini ikaisha, akasikia Waisake anajaza nyingine, akaendelea. Jibu la hapana haliwi refu namna hiyo, Taraivini akajiambia, halafu akajiambia kwamba hapana ya mtu mwenye adabu ndiyo inayokuwa ndefu. Alikuwa anatokwa jasho kama yuko mbele ya shimo la kuokea.

Kikohozi.

Waisake hakutumia kitambaa cheupe. Alikuwa amechukua utepe wa masalio ya ile manjano, mrefu kama mkono wa mtu, na uzi mwekundu. NGUO 25 ZIMEPITA MLANGONI KWANGU. NIKAJUA UMENIRUKA. NITALIVAA HATA BILA MIKONO.

Taraivini akakaa chini. Kwa hiyo wiki tatu zote, wakati yeye anahesabu Jumamosi na mtu mmoja mweusi, Waisake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake anahesabu manjano zinazopita mikononi mwa watu, ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini na tano, na hakuna iliyokuwa yake. Na hakuuliza. Amuulize nani, Isimeli? Fahali na suruali yake walikuwa wametoka kichwani mwa Isimeli moja kwa moja, na watu wawili wazima wamekonda kwa ajili yao. Akamwonea kaka yake huruma mpaka kifua kikamuuma. Akalia, kisha akacheka huku analia, mdomo ameuziba na ule utepe asije akasikika barazani. Alisikika. Waisake huko nje akakohoa mara mbili, na hicho hakikuwa kikohozi cha kupisha njia.

Akatia mikono. Sijui kama kuna shati lililowahi kutiwa mikono haraka hivyo. Kijiti juu, sindano mpya, goti kwenye pedali, na ti ti ti haikusikika tena.

Alikuwa anakata uzi wa mwisho Isimeli aliporudi, amejaa udongo mpaka nyusi na anahema.

"Nimepitwa na nini? Amesema nini?"

"Hajasema neno."

"Na wewe?"

"Mimi nimwambie nini kaka yangu?" Akamkabidhi shati. "Mpelekee ajaribu."

Isimeli akalipeleka barazani. Taraivini akarudi kwenye kizingiti chake, mgongo kawapa, macho mekundu. Akasikia kitambaa kinavyopitishwa, akasikia vifungo, kimoja kimoja, vyote vikafunga. Kumbe mahubiri matatu hayakupotea.

"Mwambie limenikaa," Waisake akasema.

Isimeli akageuka. Mdomo wake ulikuwa tayari umeshakaa mkao wa papai. Akamtazama shemeji yake aliyesimama wima barazani katika manjano yale, akamtazama mkewe na mabega yanayotikisika, akaona kile kipande cha utepe mkononi mwake. Hakuelewa kitu. Lakini aliufunga mdomo, akaufungua upya.

"Mama Vilisi," akasema, "kaka yako anasema limemkaa."

Taraivini alikuwa ameshalisikia neno la kwanza, la kaka yake. Akalipokea na la pili, kwa maana hilo ndilo lililofika.